Jiwe Lisilo na Punje

Wivu wa Sekela ulikuwa na afya nzuri kuliko Sekela mwenyewe. Sekela aliamka na magoti yanayolia kama bawaba zisizotiwa mafuta, wivu wake uliamka umeshaoga, umeshapiga mswaki, unauliza, "Leo tunaanzia wapi?" Na asubuhi ile, kama asubuhi zote tangu ukuta wa mji wa Lukwesi ukamilike, walianzia ukutani.

Ukuta ulikuwa umeziba pengo la kreta, shimo la volkano ya kale, kutoka ubavu hadi ubavu. Juu yake, nyuma ya tuta la udongo lililozeeka, ziwa la mlimani lilifuka mvuke, maji ya kunyonyolea kuku, likingoja siku ya kufunguliwa lije kuuegemea. Chini yake ulikuwa mji. Mawe yote ya ukuta yalikuwa ya kijivu, yenye punje nyeupe na za waridi kama wali ulionyunyiziwa pilipili manga. Isipokuwa moja. Jiwe la Kati lilikuwa jeusi, refu kama nyumba ya ghorofa, na liling'aa hadi wanawake wa mji walipanga foleni mbele yake kufunga vilemba.

Sekela alisimama pembeni na kipande cha muhogo wa kuchemsha mkononi, akiwatazama. Kila mtu aliyejiona kwenye jiwe lile alitabasamu. Jambo hilo peke yake lilimkera.

"Mtani!" Sauti ilimrukia kutoka mgongoni. "Umekuja tena kujitazama? Nimekwambia, kioo changu hakifanyi miujiza."

Alikuwa Lwitiko, fundi mkuu wa Nyumba ya Moto, mjenzi wa ukuta. Lwitiko alikuwa mmoja wa wale watu ambao bahati huwafuata kama mbuzi afuatavyo mwenye chumvi. Hata upara wake ulikuwa umekaa mahali pazuri.

"Nimekuja kuona matapishi ya mlima yalivyokaushwa," Sekela akajibu. "Naona bado yananuka."

"Afadhali sisi tulitapikwa, tulitoka kwa nguvu! Nyie tope mlibebwa na maji mpaka maji yakachoka, yakawatua njiani."

Foleni ikaangua kicheko. Lwitiko akamnyang'anya muhogo, akauma, akaurudisha na alama za meno. Hiyo ilikuwa haki yake. Sekela alikuwa fundi mkuu wa Nyumba ya Tope, na watu wa Moto na watu wa Tope walikuwa watani tangu mji uanzishwe. Mtani hakasiriki. Mtani akikutukana mama, unamtukana bibi, mnagawana chai. Sekela alicheka kwa sauti kuliko wote. Alikuwa amecheka hivyo miaka mingi, na hakuna aliyewahi kugundua kwamba katika kila tusi lake la utani alikuwa ametia kijiko kimoja cha kweli.

Lwitiko alipokwenda kusalimia wanawake, Sekela akalisogelea jiwe. Kila mtu alijua kwamba lile jeusi lilikuwa ngozi tu. Lwitiko mwenyewe alikuwa ametangaza: kioo upana wa kidole, kwa ajili ya urembo, ndani ni graniti yenye fuwele zake, zile punje, kama mawe mengine. Lakini ubavuni, pale Jiwe la Kati lilipokutana na jirani yake, winchi ilikuwa imelibanja kona wakati wa kulipandisha, na mwanya haukuwa umezibwa bado. Sekela akaingiza mkono. Akautia mpaka kwenye kiwiko. Alitafuta kwa ncha za vidole ukwaruzo wa punje, ule ukali wa sukari guru ambao graniti yoyote huwa nao mahali ilipovunjika.

Hakuna. Kulikuwa na ulaini, na mikunjo ya mviringo kama tumbo la kombe la baharini. Akauchomoa mkono haraka. Kidole cha kati kilikuwa kimechanjwa, mchanjo mwembamba safi, kama wa wembe.

Kioo. Mpaka kwenye kiwiko, kioo kitupu.

Na hapa inabidi isemwe kilichotangulia moyoni mwa Sekela, maana hakikuwa hofu. Aliona furaha. Furaha nene, tamu, kama mtu aliyekuta nyama chini ya ugali aliodhani ni mkavu. Hofu ilikuja baadaye, ikihema, kama mgeni aliyechelewa arusi.

* * *

"Kona ya jiwe hupoa upesi kuliko moyo wake," alisema Mama Atuganile. "Hilo hata mimi nalijua, na mimi si wa Moto."

Walikuwa katika karakana yake ya Nyumba ya Geu, mbele ya Kinu cha Dahari kilichokuwa kinanguruma kama paka aliyeshiba. Mji ule ulikuwa na vinu vitatu vya namna hiyo, na bila vinu hivyo usingekuwapo. Kinu kilikunja wakati: ukifunga mlango wake, ndani inapita dahari, nje unapita mwezi. Kila nyumba ilikitumia kwa kazi yake. Watu wa Moto waliyeyusha mwamba ukawa uji mwekundu, kisha wakauacha upoe ndani ya kinu miaka elfu kwa maelfu, kwa sababu fuwele ni kama watoto, hazikui kwa kuharakishwa. Watu wa Tope walimimina mchanga na udongo na maganda ya konokono, tabaka juu ya tabaka, wakaacha uzito na chokaa vivigandishe. Watu wa Geu hawakuanza na chochote chao. Walichukua jiwe la jirani, wakalikandamiza na kulipasha bila kuliyeyusha, mpaka likasahau lilikotoka: chokaa ikatoka marumaru, tope likatoka jiwe la kuezekea.

Kwa hiyo Geu hawakuwa na mtani. Walikuwa ndugu wa wote, na mambo ya utani yakiharibika, wao ndio walioamua.

"Mikunjo ilienda mpaka kwenye kiwiko, Atu," Sekela akasema.

"Kiwiko chako si mkono wa mlima. Jiwe lile unene wake hatua ngapi? Huenda kona ni kioo na moyo ni graniti safi."

"Na huenda siyo. Alifungua kinu mapema ili alimwagie maji baridi, apate kile kioo chake cha kufungia vilemba. Ukifungua mlango, dahari inakatika. Kilichobaki ndani kinapoa kwa saa zetu hizi, kwa wiki. Fuwele zitaota saa ngapi? Kisha Ijumaa wanafungua ziwa, wanakuja kulibandika maji ya moto upande mmoja na baridi ya Lukwesi upande wa pili. Umeshawahi kumimina chai kwenye bilauri iliyolala nje?"

Mama Atuganile akafuta mikono kwenye kanga yake, akamgeukia rafiki yake.

"Nikuulize, na usinune. Kama jiwe lile angelipika mtu mwingine, ungeingiza mkono?"

Sekela akakikunja kidole chake kilichochanjwa ndani ya kiganja.

"Basi," Mama Atuganile akasema. "Yana majina mengi maradhi haya. Wivu, gere, kijicho, husuda, donge. Wewe unayo yote, tena kwa mpangilio, tabaka tabaka, kama mtu wa Tope anavyopaswa."

"Atu, sitanii."

"Hapo ndipo kwenye shida. Nani atajua kama hutanii?"

Na kweli Sekela alikuwa ameshajaribu. Kabla ya kuja pale alipita kwa Mwenyekiti wa mji, Nsajigwa, akamkuta anakunywa chai, akamwambia wazi: Mwenyekiti, Jiwe la Kati ni kioo, litapasuka. Mwenyekiti alicheka mpaka chai ikampalia. "Ehee! Na ziwa nalo ni supu!" akasema, akamsindikiza mpaka mlangoni akipangusa machozi. Miaka yote ile Sekela alikuwa amesema jiwe la Lwitiko litapasuka. Alisema hivyo la shule lilipowekwa, akasema la soko lilipowekwa. Yapo hadi leo, imara kama deni la ukoo.

"Iko njia moja," alisema Mama Atuganile, sauti imeshuka. "Uvue utani."

 Katika maisha yake Sekela alikuwa ameona mtu mmoja tu akivua, na mtu huyo alihama mji.

"Unajua sheria yake. Anayevua anaanza na uchi wake mwenyewe. Huwezi kusema kweli ya mwenzio kabla hujasema yako, mbele za watu, yote. Na ukishavua, hauvaliki tena. Siku ukifa, hakuna mtu wa Moto atakayeingia kaburini kwako na kulalamika kuwa shimo ni fupi. Utazikwa kwa adabu, kama mgeni."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza na likapasuka, utajua ulinyamaza kwa wivu. Ukisema na likawa zima, watajua wote ulisema kwa wivu. Mlango usio na wivu haupo kwenye nyumba hii, dada. Chagua ule utakaoweza kulala nao."

* * *

Desturi ya Lukwesi ilikuwa kwamba ukoo wa mjenzi hukaa chini ya kazi yake siku ya kwanza. Kama ni daraja, wanakaa chini ya daraja. Kama ni ukuta, wanakaa mguuni mwa ukuta. Fundi anayekataa kumketisha mama yake hapo, kazi yake haipokelewi.

Ijumaa ile mama yake Lwitiko, bibi mdogo mkavu kama kisamvu cha juzi, alikuwa ameketishwa kwenye kigoda chini ya Jiwe la Kati. Binti wawili wa Lwitiko walikaa mikekani kulia na kushoto, wamevaa vitenge vya sare, wakijitazama kwenye jiwe na kurekebisha hereni. Kwaya iliimba. Mwenyekiti alihutubia. Juu kwenye tuta, vijana wa mfereji walishika gurudumu la mlango wa chuma uliozuia maji ya ziwa, wakingoja ishara.

Sekela alisogea mbele akapaza sauti. "Mwenyekiti! Jiwe hilo ni kioo! Waondoeni watu hapo chini!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko. Ngoma ikampigia mlio mmoja wa kumshangilia.

"Mtani wangu hakosi!" Lwitiko akasema kwa furaha, mikono imetanda. "Nilisema, Sekela asipokuja kunitukana leo, ukuta utakuwa haujabarikiwa!"

"Lwitiko, mwinue mama yako!"

"Nimwinue ukalie kigoda chake? Mama, mpishe mtani, tope limeomba pa kutulia!"

Hata bibi kizee akacheka, mabega yakimtikisika. Sekela aliangalia wale binti wawili. Mmoja alikuwa anamwiga, amemtolea macho na kutikisa kidole. Mwenyekiti akainua kitambaa cheupe cha ishara, anacheka bado.

Hapo wivu wake ukamnong'oneza, kwa upole kabisa, kama rafiki wa zamani: Umeshasema. Mara mbili. Wao ndio waliocheka. Likipasuka sasa, nani atakulaumu?

Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa halina doa. Sekela alilitazama namna watu walivyokuwa wakilitazama lile jiwe, akajiona ndani yake.

Akavua viatu, akasimama kwenye udongo baridi.

"Nimevua," akasema.

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walinyamaza, na ukimya ukatembea kwenda nyuma kama maji kwenye mchanga. Kitambaa cha Mwenyekiti kikabaki hewani. Mama Atuganile akatoka kwenye kundi la Geu, akaja kusimama kati ya Sekela na Lwitiko, kwa kuwa ilikuwa kazi yake.

"Nimesikia," alisema. "Anza na yako."

"Namwonea Lwitiko wivu," Sekela akasema. "Simtanii. Ukuta huu niliutaka mimi. Nilichora ukuta wa tabaka, mkauita kibanda cha tope, nikacheka pamoja nanyi, nikaenda nyumbani nikavunja sahani. Namwonea wivu wa kazi yake. Namwonea wivu wa mama yake, maana wangu sinaye. Namwonea wivu kwa jinsi mnavyogeuka akipita. Hata upara wake nauonea wivu." Watu wawili watatu walitaka kucheka, wakakuta kicheko hakina pa kukaa. "Kila nilipomtukana mkacheka, nilikuwa namtukana kweli. Jiwe la shule nililiombea lipasuke. Niliomba kwa magoti. Hiyo ndiyo yangu. Sasa ya kwake: nimeingiza mkono kwenye mwanya wa Jiwe la Kati mpaka kwenye kiwiko, sikukuta punje hata moja. Sijui moyo wa jiwe ukoje. Ila kwa kioo hicho najua alifungua kinu mapema."

Lwitiko alikuwa ameacha kutabasamu. Bila tabasamu uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mtu mchovu kidogo.

"Dada," alisema, "hayo umeyaona kwa macho au kwa wivu?"

"Kwa wivu," Sekela akamjibu. "Macho peke yake yasingefika huko. Hawa wote wanaokupenda, wakilisogelea jiwe lako wanatazama sura zao. Mimi ndiye niliyelitazama jiwe."

Mwenyekiti akaanza kusema jambo kuhusu ratiba, na wageni, na kwamba kinu hakikosei. Lwitiko hakumsikiliza. Alikuwa anaangalia kigoda.

"Mama," akasema. "Inuka, mama yangu. Twende kule kwenye jua."

Kisha akaita keekee ya kutobolea mwamba, akaishika mwenyewe. Akaiweka katikati kabisa ya jiwe, usawa wa kifua, mbali na kona zote. Mashine ilipiga kelele, vumbi jeusi likamwagika kama kahawa. Ilipofika kina cha mkono mzima akaizima, akavuta, ukatoka mche wa jiwe, mviringo kama mchi wa kinu cha karanga.

Akaugeuza kwenye mwanga. Mweusi mwanzo. Mweusi katikati. Mweusi mwisho. Akapitisha kidole gumba juu yake polepole, akitafuta, na Sekela, aliyejua vidole hivyo vinatafuta nini, alijikuta anaomba vikipate. Ndiyo mara ya kwanza alimwombea mtu yule heri, na ombi halikujibiwa.

"Leteni maji ya ziwa," Lwitiko akasema.

Wakaleta birika. Akaulaza mche chini, akaumiminia. Haukungoja. Ulitoa sauti ndogo safi, *ting*, kama kijiko kwenye glasi ya mgeni rasmi, ukagawanyika vipande vitatu vyenye makali.

 Juu kwenye tuta, vijana wa mfereji waliachia gurudumu bila kuambiwa.

Lwitiko akainuka, akaugeukia umati. Hakusema kinu kilikosea, wala hakusema aliharakishwa, ingawa wote walikumbuka ni Mwenyekiti aliyetaka kazi iishe kabla ya Ijumaa. "Nilitaka liwe zuri," alisema. "Nilifungua mlango kabla moyo haujapata miaka yake. Kosa ni langu. Litashushwa." Akakaa chini palepale, kwenye vumbi jeusi, akafunika uso.

Na watu wakamwendea. Kwaya ikamwendea, binti zake wakamwendea, Mwenyekiti akamwekea koti mabegani. Mtu akaleta chai, mwingine akaleta kigoda, wanawake wa foleni ya vilemba walimpepea kwa kanga. Lilikuwa jambo la kupendeza kuona, mji mzima umeinama juu ya mtu mmoja.

Sekela alibaki amesimama peku, mahali penye nafasi nyingi. Mama Atuganile alimgusa bega, kisha naye akaenda. Jiwe halikupasuka juu ya mtu yeyote. Bibi kizee alikuwa juani anatafuna karanga. Na Sekela, Mungu amsamehe, aliiangalia ile chai, lile koti, zile kanga, akasikia donge lile lile likipanda mahali pake pa siku zote. Hata kuaibika, mtu yule alijua kuaibika vizuri.

Alikuwa ameinama kuvaa viatu alipoona miguu imesimama mbele yake. Akainua macho.

Lwitiko alikuwa amenawa uso. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa tulivu.

"Mwenyekiti anaomba ulete mchoro wako wa ukuta wa tabaka," alisema. "Nimemwambia ndio unaofaa. Mafundi wangu watakusaidia kuchimba msingi. Ukihitaji lolote kwa upande wetu, tuma mtu."

Sekela akangoja. Kati ya watu wa Moto na watu wa Tope, maneno ya namna hiyo hayakuwa na maana mpaka mkia wake ufike. Mkia ungekuja sasa: angesema jambo kuhusu konokono, au kuhusu magoti yake, au angelinyakua begi lake na kukimbia nalo. Sekela alikuwa tayari. Alikuwa na jibu mdomoni, kali, la kumfaa mtu aliyelia.

Lwitiko akakunja mikono mbele, akainamisha kichwa kidogo, kama watoto wa shule wanavyofundishwa kumwinamia mtu mzima wasiyemjua.

"Shikamoo, Bi Sekela," akasema.

Hakuwahi kumpa shikamoo maishani. Watani hawapeani. Hata siku mama yake Sekela alipozikwa, Lwitiko alifika akidai kwamba marehemu alimwibia jogoo, na Sekela alicheka katikati ya kilio mpaka akapata nguvu ya kusimama.

Ukuta sasa ulikuwa wa Sekela. Kila jiwe lake, kila tabaka, kutoka ubavu hadi ubavu. Lwitiko alikuwa bado ameinamisha kichwa, akisubiri kwa heshima, na asingeondoka mpaka aitikiwe.

"Marahaba," alisema Sekela.